Nne za Doña Eufrosina

Komadre wangu Eufrosina Tlapale haiamini hata mvua. Ikianza kunyesha hutoka uani akayatazama mawingu kwa jicho la kumwuliza mgeni, wewe umetumwa na nani. Nimeishi naye ukuta kwa ukuta tangu tulipoolewa, na mimi ndiye niliyemsimamia ubatizo mwanawe wa pekee, Crispín. Kwa hiyo ninayoyasema nayasema kwa haki yangu. Akisikia nimeyasema, atadai nimemwekea nne.

Kwetu huku, chini ya mlima Malinche, mtego unaitwa nne. Cuatro. Usiniulize kwa nini, sisi wenyewe tulizaliwa tukaikuta hivyo. Nambari yenyewe maskini tumeitwika kila mzigo. Mazishi yakikosa watu tunasema walikuja paka wanne. Mlevi akibisha kwamba hajalewa anaambiwa asimame nne, yaani mguu mmoja chini na wa pili aukunje gotini, na hapo uongo huanguka pamoja na mwenyewe. Mwenye maringo hujigamba kwamba zaidi ya wanne wanamwonea wivu. Na ukitaka kumpa mtu vidonge vyake, unamwambia nne zake, hata kama unazo kumi. Lakini Eufrosina katika hizo zote ameshikilia ile ya mtego.

Ana sababu, sitamnyima. Mumewe Gaudencio, ambaye kila Jumamosi alikuwa hawezi kusimama nne hata akiegemea ukuta, alikufa akamwacha na mtoto mdogo. Msiba haujapoa, shemeji zake wakamwalika akasimamie ubatizo mji wa pili. Wakampa kiti cha mbele, wakamlisha bata mzinga kwa mole, ule mchuzi mzito wa pilipili, wakamwita dada. Aliporudi alikuta wamejenga ukuta katikati ya uwanja wake, na mimea yake ya maguey, jamii ya mkonge, ile aliyoipanda marehemu baba mkwe kwa mkono wake, imeng'olewa yote. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile Eufrosina hajala chakula cha mtu. Msibani anakwenda na kikombe chake mwenyewe. Kanisani anakaa kiti cha nyuma kabisa, ili pasiwe na mtu nyuma yake.

Riziki yake ni tamale: unga wa mahindi uliopigwa na mafuta ya nguruwe, unatiwa nyama na pilipili, unafungwa kwenye maganda ya mahindi na kuivishwa kwa mvuke. Anaziuza kona ya kanisa alfajiri, na nisiseme uongo, hakuna wa kumfikia. Kwa kuuza huko, na kwa kutomwamini kiumbe yeyote, alimlea Crispín hadi akawa fundi wa kuchomelea madirisha ya chuma. Na kama kuna kitu kimoja alichokiogopa duniani, ni kuchukuliwa huyo Crispín. Uwanja walishamchukulia, maguey walishamchukulia, mume alichukuliwa na pombe. Kilichobaki ni kijana huyo, basi.

Ndipo akaingia Maricruz.

Binti wa Don Procopio, mshona viatu wa mtaa wa juu. Mchapakazi, mcheshi, ana kicheko cha kutoka tumboni. Alianza kuja kwa Eufrosina asubuhi kuosha maganda ya mahindi bila kuombwa. Alikuwa akifagia, akichota maji, na akiondoka alisema "Mungu akulinde, Doña Eufrosina." Mimi ningepiga magoti nishukuru. Komadre alinijia ukutani uso umemkunjamana.

"Huyu anataka nini?"

"Anamtaka mwanao. Wasichana wana tabia hiyo."

"Tencha, nitazame vizuri. Crispín hana gari, meno yake yamepandana, na akila supu anasikika hadi sokoni. Hakuna mtu anayemtaka bure."

"Wewe ndiye mama yake unayesema hivyo?"

"Kwa sababu ni mama yake ndio maana najua. Hii ni nne. Atamzoesha, atamfunga kamba, halafu siku moja naamka kitanda cha mwanangu kitupu."

Akaanza kumtega yule aliyedhani anamtega. Alifunga uzi mwembamba mlangoni mwa chumba chake, chini kabisa, aone kama msichana anaingia kupekua akiwa sokoni. Kila akirudi anaukuta uzi mzima, na badala ya kufurahi akazidi kuhofu. Mwizi anayeuona uzi, aliniambia, ndiye mwizi hasa. Kisha akamwambia msichana siri ya unga wake. Siri yenyewe ni maji ya magadi, kila mwanamke wa mtaa huu anajua, lakini yeye alimwambia ni siki, tena siki nyingi. Halafu akanikokota soko zima kuonja tamale za wauzaji wengine, maana yeye hali cha mtu, eti tumjue aliyeuziwa siri. Nilionja hadi nikavimbiwa. Siki sikuionja popote.

"Umeona," alisema. "Ameificha."

Nilikwenda nyumbani nikalala na tumbo langu.

Tarehe sita Januari tulikata mkate wa Wafalme kwa Eufrosina, maana kwingine haendi. Ndani ya mkate kuna katoto ka plastiki, na atakayekakuta kwenye kipande chake anawapikia wote tamale siku ya Kandelaria, tarehe mbili Februari. Sasa, sisi ni Wakristo lakini si wajinga. Ukikakuta unanyamaza. Wengine wanakaficha shavuni, wengine wanakasukumia kipande cha jirani. Mjomba wangu mmoja alikameza kabisa, na hadi anazikwa hakukiri. Siku ile kila mtu alikuwa anatafuna polepole akiwatazama wenzake midomo. Maricruz akainua mkono.

"Ninako mimi," alisema, akacheka kile kicheko chake.

Eufrosina alinishika kiwiko akanivuta jikoni.

"Umeona? Nani anajitaja mwenyewe?"

"Mtu mwaminifu, komadre."

"Mtu mwaminifu angekaficha kama sisi sote. Huyu ana lake. Anataka kuingia jikoni mwangu na sufuria yake, mbele ya watu."

Ikawa hivyo hivyo. Crispín alisema maadamu Maricruz atapika, basi apike hapa, na wazazi wake waje wale, na siku hiyo hiyo harusi ipangwe. Kwa desturi sisi upande wa mwanamume ndio tunaokwenda kwao na kapu la mkate na chokoleti, lakini kumtoa Eufrosina nyumbani kwake ni sawa na kung'oa jiwe la kusagia. Don Procopio alituma salamu kwamba hana neno, watakuja wao. Eufrosina hakulala kwa sababu ya jibu hilo. Wamekubali upesi mno, alisema.

Siku ya Kandelaria tuliingia jikoni asubuhi, watatu. Mimi nalainisha maganda, Maricruz anapiga unga, Eufrosina amesimama nyuma yake. Amesimama tu, mikono kwenye aproni, macho kwenye mikono ya msichana. Maricruz alipiga unga hadi jasho likamtoka, akaweka kidonge cha unga kwenye glasi ya maji, kikaelea vizuri, dalili kwamba unga uko tayari. Eufrosina akaimwaga ile glasi, akachota maji mengine kwenye mtungi wake, akakijaribu upya. Kikaelea. Msichana akajaza, akafunga, akazipanga tamale wima kwenye sufuria kubwa, chini kabisa katia sarafu ili igonge maji yakichemka. Tukafunika.

Sarafu ikagonga. Tuliposikia kengele za kutoka misa tukafunua. Mbichi. Unga unanata kwenye ganda kama gundi. Tukaongeza moto, tukafunika, tukapiga soga za uongo na kweli, tukafunua tena. Mbichi vilevile, na sasa zina madoadoa.

Nyinyi mnaweza kusema ni kuni, ni sufuria, ni mahindi. Sisi tunajua. Tamale zina masikio. Mtu akiwa na hasira jikoni zinakasirika nazo, na zikikasirika haziivi hata uzichome na nyumba. Nilichana maganda nikayafunga kwenye vishikio vya sufuria, kuyaziba masikio hayo. Nikaweka msalaba wa maganda juu. Nikamsihi kila mtakatifu ninayemfahamu. Wapi. Sarafu inagonga tu, tak tak tak, inatucheka.

"Hapa kuna mtu ana hasira," nilisema hatimaye. "Ajitoe, acheze mbele ya sufuria, yaishe. Wageni wako njiani."

Tukaanza kutazamana. Nikajichungulia moyoni mwangu kwanza. Nilikuwa na kinyongo kidogo kuhusu siki, lakini si cha kuzuia sufuria nzima.

"Mimi sina hasira," alisema Eufrosina. "Mimi nina tahadhari."

"Komadre, tahadhari yako ina mapovu mdomoni."

Alikuwa anamtazama Maricruz, na sauti yake ikashuka chini, ile ya hatari.

"Umeniweza, binti. Kweli umeniweza. Wazazi wako wanakuja na njaa yao wakute unga mbichi kwenye nyumba ya muuza tamale. Watasema mama mkwe hana jiko. Kesho mtaa mzima unajua, keshokutwa baba yako anamwambia Crispín, mwanangu, njoo ukae kwetu, binti yangu hawezi kuishi mahali kama pale. Nne safi. Shemeji zangu wangekuja kujifunza kwako."

Maricruz alifuta mikono kwenye kitambaa. Aliifuta muda mrefu, kidole kwa kidole. Mlangoni alikuwa ametokea Crispín na kuni mpya, amesimama nazo kifuani.

"Ni mimi," alisema msichana. "Hasira ninayo. Ninayo nyingi, Doña Eufrosina, na nimeinyamazia mwaka mzima. Unataka nicheze? Sitacheza. Nitakuambia nne zako."

Nilitafuta kiti. Katika maisha yangu sijawahi kuona mtu akimwambia Eufrosina hata moja.

"Ule uzi wako wa mlangoni. Unakatwa na paka wako, kila siku, akipita kwenda kulala kitandani mwako. Ni mimi niliyekuwa naufunga upya. Nilijua ukirudi ukaukuta umekatika utapandwa na presha. Sijaingia chumbani kwako. Nilikuwa napiga magoti pale nje nafunga uzi wa kunitega mimi mwenyewe."

Eufrosina akamtafuta paka kwa macho.

"Siki. Nilipika kwa siki, nyumbani kwetu, nikitaka siku moja nikuletee uone nimejifunza. Baba alikula tatu kwa heshima, akaugua tumbo siku mbili. Nikasema nimekosea mimi. Hadi leo baba hajui nani alinifundisha, na anakuja hapa leo kula."

"Maricruz," alisema Crispín polepole.

"Acha nimalize. Katoto ka mkate nilikataja kwa sababu nilitaka nikupikie, mara moja tu, wewe ukiwa umekaa. Umekaa kwenye kiti kama mama wa nyumba, unaletewa. Sijawahi kukuona umekaa. Tangu nimeanza kuja hapa unanisimamia nyuma ya mgongo, na mimi mgongo umeniuma. Nilichotaka ni hicho tu."

Sarafu ndiyo iliyokuwa ikizungumza peke yake. Eufrosina alikuwa amekuwa mwekundu, kisha mweupe, lakini ni mtu mgumu, hakurudi nyuma.

"Hizo ni tatu," alisema. "Ulisema nne."

Maricruz akamgeukia Crispín. "Ya nne si yangu ya kusema."

Kijana akaziweka kuni chini. Nilimbeba yule kwenye maji ya ubatizo, ninamjua akiwa na uongo na akiwa na ukweli, na nilipomwona anavyojipangusa vumbi ambalo halipo nikajua ni ukweli, na nikatamani nisiwepo.

"Nimepata chumba mjini Puebla, mama. Na kazi kwenye karakana. Nimekipata tangu Novemba."

"Nilijua," alisema Eufrosina, na karibu afurahi, Mungu amsamehe. Akamwelekezea msichana kidole. "Nilijua anakuchukua. Nilisema, Tencha ni shahidi."

"Hanichukui. Yeye ndiye aliyenizuia." Crispín hakupaza sauti, na ndiyo iliyouma. "Mimi nilitaka kuondoka mwezi ule ule. Kila wiki ananiambia ngoja, mama yako atanizoea, hatuwezi kumwacha peke yake. Ngoja ipite Krismasi. Ngoja Kandelaria. Ninayetaka kwenda ni mimi, mama. Nikinywa maji unanitazama. Nikichelewa unaninusa. Nikinyamaza unaniuliza nimeongea na nani. Mimi ni mwanao, si shemeji yako."

Nimewahi kumwona Eufrosina siku alipoukuta ule ukuta uwanjani. Siku ile alipiga kelele, alirusha mawe, tulimshika watu watano. Safari hii hakufanya lolote. Alisimama tu katikati ya jiko lake, mikono imelegea, na kwa mara ya kwanza hakuwa anamtazama mtu yeyote mikononi. Nilimwonea huruma. Nilimkasirikia pia, kwa sababu ni mimi niliyemwambia mara mia.

"Na wewe," alimwuliza Maricruz mwishowe, "ulitaka kukaa hapa? Na mimi? Kwa nini?"

"Nilikuwa nakupenda." Msichana alisema hivyo bila utamu wowote, kama anayetoa hesabu. "Kabla hata sijamjua huyu. Nilipokuwa nanunua kwako pale kona ya kanisa nikienda kazini, ulikuwa unanichagulia ya chini kabisa, ya moto. Hukuwa unasema kitu. Nikafikiri, mama huyu ana moyo."

"Na sasa?"

"Sasa sijui, Doña Eufrosina."

Nilisimama kwa sababu sikuweza kuendelea kukaa, nikafunua sufuria nipate cha kufanya. Harufu ikanipiga usoni. Nilichukua moja, nikaifungua, ikaachana na ganda lake safi, laini, haijanata hata chembe. Zilikuwa zimeiva zote, za juu na za chini.

Wakati huo huo mlango wa nje ukagongwa. Don Procopio na mkewe, wamevaa nguo za misa, wamebeba kapu la mkate mtamu ambalo kwa haki sisi ndio tungewapelekea. Tukakaa mezani. Sijui tulikaaje. Maricruz akapakua, Crispín akamimina uji wa atole, na Don Procopio, mtu mwema asiyejua amekanyaga nini, alikula akisifu kila tonge. Harusi ikapangwa baada ya Pasaka. Mkewe akauliza habari za vitambaa, nikamjibu mimi, maana wengine walikuwa wanatazama sahani zao.

Halafu mzee akajifuta masharubu akamgeukia Eufrosina.

"Na vijana watakaa hapa kwako, sivyo? Binti yangu tangu mwaka jana hana wimbo mwingine. Doña Eufrosina hiki, Doña Eufrosina kile. Mke wangu ameanza kuona wivu."

Kijiko cha Crispín kikasimama hewani. Maricruz akawa mwekundu hadi masikioni. Nilimtazama komadre wangu nikaomba kimoyomoyo asianze habari za nne, asiulize mzee ametumwa na nani, asituaibishe. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema wananitoroka. Angeweza kulia, na mwanawe angebaki kwa aibu, mbele ya wakwe, maisha yake yote. Aliona hivyo, naapa aliona. Mtu aliyetumia miaka yote hiyo akijifunza mitego anaujua mtego ulio mkononi mwake mwenyewe.

"Hapana," alisema. "Wanakwenda Puebla. Crispín hakutaka kuniacha, lakini nimemlazimisha. Mimi ndiye niliyewaambia waende."

Crispín akainamisha kichwa. Mkono wa Maricruz ulikuwa juu ya meza karibu na wa Eufrosina, haukuusogelea, lakini haukuondoka.

Don Procopio akasema hilo ni jambo la busara, vijana wanahitaji mlango wao wenyewe, na si kila mama angekuwa na moyo huo. Kisha akaomba tamale nyingine ya pilipili ya kijani, kama zipo. Eufrosina akainuka, akachagua za chini kabisa, akampa mbili.